UZI: Barabara ya Uhuru, Iringa, kwa picha za zamani (pamoja na ile ya babu barazani na cherehani yake)

Mjukuu wa Fundi (mleta uzi)

Wanyalukolo, kamwene! Na wakuu wengine wote, habari za jioni.

Bibi yetu alitutoka mwaka jana mwezi wa saba. Katika kugawana vitu vyake mimi nilikabidhiwa mkebe wa biskuti uliojaa picha. Nyingi ni za harusi na vipaimara, lakini kumi na moja zinaonyesha barabara moja ileile, hii tunayoiita Barabara ya Uhuru, Iringa mjini. Hakuna aliyepanga kuikusanyia picha. Babu alikuwa fundi cherehani, alishona kwenye baraza la duka la nguo miaka thelathini na ushee, na kila aliyetaka kumpiga picha alimkuta hapo. Barabara imeingia kwa sababu ilikuwa mbele yake.

Nimeziskani zote na nimekaa nazo miezi minane. Ninachokiona ni kwamba tukitazama picha za mji wa zamani macho yetu hukimbilia paa, magari na majengo, wakati majengo ya barabara hii yamebadilika kidogo sana. Tazameni barazani. Waliokaa barazani ndio waliobadilika, na kila walipobadilika kulikuwa na jambo lililowaleta au kuwaondoa.

Picha ya 1. Hii si ya babu. Ni postikadi ambayo bibi alipewa na masista wa Tosamaganga alipokuwa akiwafulia nguo. Chini imeandikwa kwa Kijerumani "Neu-Iringa", yaani Iringa Mpya. Wengi hupotea hapa, kwa hiyo niseme wazi. Ukikutana na picha ya Kijerumani iliyoandikwa "Alt-Iringa", Iringa ya Kale, hiyo si mjini. Hiyo ni Kalenga, makao ya Mtwa (chifu) Mkwawa wa Wahehe, kama kilomita 15 kutoka hapa. Jina lenyewe ni la Kihehe, lilinga, ngome. Wajerumani walichukua jina la ngome ya Wahehe wakaupachika mji wao.

Mpangilio wa miaka unasema mengi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwapiga Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Wakarudi na mizinga chini ya Gavana von Schele, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikavunjwa. Mkwawa hakukamatwa, akaingia porini. Mwaka 1896 Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, akaanza kujenga kituo huku juu ya mlima, mahali unapoliona bonde lote la Ruaha Mdogo. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898. Kwa maana hiyo mji huu ulianza kuchorwa mwenyewe akiwa bado hai, anatafutwa. Ndiyo maana kwenye postikadi hii naona njia pana, iliyonyooka, isiyo na mti hata mmoja. Mtu anayeogopa kuvamiwa hapendi vichaka karibu na mlango wake.

Angalieni watu wenyewe. Kushoto kuna askari, ametoka wazi mpaka vifungo vya koti vinahesabika. Katikati kuna wapagazi kama kumi na wawili, na wote wametoka ukungu. Kamera za wakati ule zilikuwa taratibu, anayetembea hufutika. Aliyesimama kwa amri ameonekana, waliobeba mzigo hawana sura. Na hakuna baraza hata moja. Nyumba zimejifunga, kuta tupu zinatazama njia.

Picha ya 2. Hapa tumeruka miaka mingi. Waingereza waliingia Iringa mwishoni mwa Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya hapo wafanyabiashara Wahindi wakaongezeka mjini. Ukitaka kujua picha ya katikati ya mji ni ya lini, tafuta mnara wenye saa wa Jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia. Jengo lile ni la miaka ya 1930, kwa hiyo picha iliyopigwa kuelekea huko na mnara haupo, ujue ni ya kabla. Kwenye hii mnara upo, mdogo, nyuma ya paa za mabati.

Na hapa ndipo baraza linapotokea. Duka limerudi ndani, paa la mabati limevutwa mbele, limekaa juu ya nguzo, na chini yake kuna ukumbi mrefu wa saruji, ngazi mbili juu ya vumbi. Wenye duka wanaishi nyuma. Baraza ni la mwenye nyumba kwa hati, ila kwa matumizi ni la kila mtu. Mvua ikinyesha wote wanajibanza hapo. Mkulima aliyeshuka kutoka Ismani anaweka gunia lake hapo. Na fundi cherehani anapata pa kuweka mashine.

Picha ya 3. Hii ndiyo ya babu, na hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Babu ameketi kwenye kigoda, cherehani ya kukanyaga iko mbele yake, Singer, maandishi ya dhahabu yameisha upande wa mkono wake. Shingoni ana futi. Mdomoni ana pini mbili, ukiikuza picha utaziona zikimeta. Kwenye meza ya mashine kuna kitambaa kizito kilichokunjwa, nadhani kaki. Nyuma yake mlango wa duka uko wazi na ndani ni giza, zinaonekana jora za vitambaa zilizosimamishwa kama watu waliopanga foleni.

Kazi ilikwenda hivi. Mteja anaingia dukani, ananunua yadi zake, anatoka, hatua tatu yuko kwa fundi. Mwenye duka aliuza kitambaa kwa sababu fundi alikuwa nje, na fundi alipata kazi kwa sababu duka lilikuwa ndani. Babu hakulipa kodi ya baraza. Alilipa kwa kushona mapazia na nguo za Idi za watoto wa mwenye duka, na asubuhi alifagia kote mpaka ngazini.

Kulia kwa babu amesimama mtoto mdogo, ameshika mguu wa chuma wa cherehani. Amevaa gauni fupi, na kifuani gauni lina mfuko mkubwa wenye kifuniko na kifungo, mfuko uliokuwa wa mtu mzima. Pembeni kwenye nguzo kuna kijana wa kama miaka saba, peku, kaptura imemzidi, ameegemea na hatazami kamera. Juu kumetundikwa kamba yenye vibendera vya karatasi. Barabara mbele ina matope.

Nyuma imeandikwa kwa penseli "Fundi na mtoto, Iringa". Mwaka haupo. Kwetu tumekuwa tukisema mtoto huyu ni mjomba wetu mkubwa, aliyezaliwa 1955, kwa hiyo picha ni ya 1956 au 1957. Marehemu mjomba mwenyewe aliamini hivyo. Yule wa kwenye nguzo tulisema ni mtoto wa jirani.

Nitaendelea kesho na za rangi. Wenye kujua tafadhali ongezeni.

---

Kijana wa Ipogolo

Mkuu, umenigusa. Mimi nimekulia huku chini na nilidhani mji umeanzia stendi. Naomba kuuliza, kwa nini barabara kuu ya Dar na Mbeya ipite huku Ipogolo na mji ukae kule juu peke yake? Mgeni akipita na basi usiku anaweza kudhani Iringa ni vibanda vya mahindi ya kuchoma tu.

---

Mjukuu wa Fundi

Mdogo wangu, mji ulikuja kwanza, lami ikafuata. Waliouweka juu walitaka kuona mbali, hawakufikiria malori. Zamani aliyetoka Mbeya kwenda Dodoma na Arusha kwa ile Barabara Kuu ya Kaskazini alipanda mlima, akapita katikati ya mji, akatokea Kihesa. Wasafiri walikula na kulala hapa. Lami ya Tanzam, barabara ya kwenda Zambia, ilipojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ilifuata bonde, ikaupita mji chini ya miguu. Reli ya TAZARA nayo, iliyokamilika 1975, ikapita Makambako. Kwa hiyo Barabara ya Uhuru ilibaki ya wenyeji na wenye shughuli nayo. Naamini hilo nalo limezilinda zile nyumba, maana biashara kubwa zilikuwa na sababu ya kushuka huko kwenu badala ya kuzibomoa hizi.

---

Mzee wa Miyomboni

Mwanangu mleta mada, pole kwa msiba wa bibi. Nimezaliwa 1949 na nimesoma hapahapa mjini. Babu yako nilimjua kwa sura. Alikuwa mtu wa maneno machache na alipenda kukunja mkono wa shati mara mbili tu, kama ulivyoonyesha.

Nakuomba ukuze tena ile picha ya tatu. Achana na watu, tazama vibendera. Mistari imelala au imekaa mshazari?

---

Mjukuu wa Fundi

Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana kwa salamu za rambirambi.

Nimeikuza. Imelala. Katikati kuna mkanda mweusi, juu na chini yake mistari myembamba myeupe, halafu mikanda ya kijivu. Yote imelala.

---

Mzee wa Miyomboni

Marahaba mwanangu. Basi hiyo picha si ya 1956.

Wakati wa Mwingereza bendera ya Tanganyika ilikuwa na kichwa cha twiga. Mistari iliyolala, kijani, dhahabu, nyeusi, dhahabu, kijani, ni bendera ya Tanganyika huru, iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961. Baada ya Muungano, mwaka 1964, ikaja hii ya sasa yenye buluu, na mistari yake imekatiza mshazari kutoka chini kwenda juu. Hata kwenye picha isiyo na rangi huwezi kukosea. Kwa hiyo picha yako iko kati ya Desemba 1961 na 1964.

Nakuongezea. Umesema barabara ina matope. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Vibendera vya karatasi vilitundikwa siku za sherehe. Tulivikata sisi wenyewe shuleni, tukavipaka rangi, tukavibandika kwa uji wa muhogo, na mvua ikinyesha usiku asubuhi vimebaki nyuzi. Vyako bado vizima, kwa hiyo ni siku yenyewe au siku inayofuata. Ni Uhuru wa 1961, au Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, au mwaka uliofuata.

Sasa mjomba wako wa 1955 siku hiyo alikuwa na umri gani?

---

Mjukuu wa Fundi

Mzee, nimekaa na simu mkononi kwa muda kabla ya kujibu.

Mjomba alikuwa na miaka sita, saba au minane. Hawezi kuwa yule mdogo. Mjomba ndiye yule wa kwenye nguzo, aliyeegemea, tuliyemwita mtoto wa jirani miaka yote hii.

Na kwa babu na bibi aliyemfuata mjomba, ukiacha wawili waliofariki wachanga, ni mama yangu. Amezaliwa Februari 1961. Mtoto kwenye picha anasimama vizuri, ameshika chuma kwa mkono mmoja tu. Mtoto wa miezi kumi hasimami hivyo. Wa mwaka na miezi kumi anasimama. Na yule wa kwenye nguzo anaonekana wa kama miaka saba, ambayo mjomba aliifikisha 1962. Kwa hesabu hiyo ni Desemba 1962.

Mama yangu hana picha yoyote ya utotoni. Ya kwanza anayoijua ni ya darasa la saba. Nitakwenda kwake Kihesa Jumamosi.

---

Binti wa Dukani

Kaka, samahani kuingilia. Familia yetu ni Waismailia wa Iringa, sasa tuko Kanada, mimi niliondoka nikiwa na miaka tisa. Kiswahili changu kimepata kutu kidogo, mnivumilie.

Nimesoma maelezo ya duka na fundi nje na moyo umenienda mbio. Si lazima liwe duka letu, maduka ya namna hiyo yalikuwa mengi. Ila nimefungua albamu ya baba na nimeona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Picha zetu zote zimepigwa kutoka ndani kutazama nje. Kuna kaunta, kuna mizani, kuna jora, halafu mlango, na mlangoni kuna mgongo wa fundi. Katika picha nne kuna mgongo huohuo. Hatuna hata moja ya uso wake. Nyie mna uso na nyuma yake giza la duka. Nyumbani nilimwita fundi mjomba, na alinishonea nguo ya shule, na sikuwahi kujua anaishi mtaa gani.

Nitaziweka zote nne hapa leo usiku kwa saa za huku.

---

Mjukuu wa Fundi

Dada, usiombe samahani, karibu nyumbani. Ziweke zote. Na mgongo tutautambua tu, mafundi wa zamani kila mmoja alikuwa na anavyokaa.

---

Mzee wa Miyomboni

Binti, karibu sana. Naomba niwaelezee vijana kilichotokea baadaye, maana bila hicho picha zinazofuata hazieleweki.

Aprili 1971 ilipita sheria ya kutaifisha majengo. Jengo la kupangisha lenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi likawa mali ya serikali, chini ya Msajili wa Majumba. Ofisi hiyo ilidumu mpaka 1990, shughuli zake zikaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Ukitembea Barabara ya Uhuru na mitaa yake ukaona nyumba ya zamani yenye namba na alama ya Shirika, mara nyingi hiyo ndiyo safari yake. Nia ya sheria ilikuwa kuwakata makali walioishi kwa kodi za nyumba, na wengi wetu tuliiunga mkono, mimi mwenyewe niliandamana. Lakini nililiona pia upande wa pili. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kihindi aliyejenga nyumba yake kwa miaka kumi na tisa, alikaa barazani siku mbili bila kufungua duka. Halafu familia zikaanza kuondoka, wengine Kanada, wengine Uingereza.

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi yalifungwa ili nafasi zao zichukuliwe na maduka ya ushirika. Mambo hayakwenda, na baadaye yakalegezwa. Vita vya Kagera vikafuata, 1978 na 1979, halafu zile dhiki za sabuni, sukari na vitambaa. Fundi bila kitambaa anafanya nini? Anageuza kola. Shati likichakaa kola upande mmoja, anaifumua, anaigeuza, anashona tena. Babu yako aliishi kwa kugeuza kola.

Nitabiri jambo. Kwenye mkebe wako hakuna picha ya kati ya 1979 na 1985.

---

Mjukuu wa Fundi

Mzee wangu, ni kweli kabisa. Picha ya 7 ni sherehe ya mwaka 1977, wameandika CCM kwa chokaa ukutani. Picha ya 8 nyuma ina tarehe ya 1986. Katikati hakuna kitu. Nilidhani zimepotea.

---

Mzee wa Miyomboni

Hazikupotea, hazikupigwa. Hapakuwa na filamu wala karatasi ya kusafishia. Yule mpiga picha wetu alifungua studio kila siku, akafuta vumbi kwenye kamera, akakaa barazani na babu yako wakapiga soga. Kama ungepata picha moja ya barabara hii ya mwaka 1982 ungeona foleni, ndefu, kuanzia mlango wa duka la RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, akina mama na vikapu, wengine wameweka mawe kushika nafasi. Barabara ilikuwa imejaa watu kuliko wakati wowote, na ndiyo miaka isiyo na picha.

---

Mjukuu wa Fundi

Nimeisoma hiyo sentensi ya mwisho mara tatu.

Naendelea na zilizobaki, nitakwenda haraka maana hizi wengi tunazikumbuka wenyewe.

Picha ya 4, 5 na 6 ni za miaka ya sitini mwishoni. Kwenye ya 5 limesimama basi la Relwe, yale mabasi ya shirika la reli yaliyounganisha Dodoma, Iringa na Mbeya kwa sababu treni yenyewe haikufika kwetu. Juu ya paa kuna baiskeli na matenga ya kuku. Babu yuko pembeni, ameinua mkasi kumsalimu dereva.

Picha ya 8 (1986), ya kwanza ya rangi. Rangi zimegeuka kuwa za machungwa, lakini unaona balbu za rangi barazani na rundo la mitumba kwenye turubai. Biashara zimeachiwa, nguo zimeingia, na nguo za mitumba zinakuja zimeshashonwa. Babu anaonekana akipunguza suruali. Kuanzia hapa katika kila picha anapunguza au anaongeza, hashoni tena kutoka mwanzo.

Picha ya 9 na 10 ni za miaka ya tisini, na hapa ndipo panaponiuma. Kwenye ya 9 nguzo tatu za baraza ziko wazi. Kwenye ya 10 kati ya nguzo na nguzo kumejengwa tofali, likawekwa geti la chuma, na baraza limekuwa fremu mbili za kupangisha. Nguzo bado ziko pale, zimemezwa ukutani, ukipita leo unaziona zimevimba chini ya rangi. Babu alihamishia cherehani nje ya ngazi, chini ya mwavuli, kwenye jua. Alidumu hapo miaka miwili halafu akairudisha mashine nyumbani.

Namwelewa anayepangisha, kila mita ya katikati ya mji ni hela. Lakini baraza lile lilikuwa mahali pekee kwenye barabara hiyo ambapo mtu asiye na duka, asiye na kodi, asiye na chochote isipokuwa ufundi wake, aliweza kufanya kazi mbele ya mji mzima. Boma la Mjerumani tumelikarabati, tangu 2016 ni makumbusho, na nilifurahi mno kuingia humo na watoto. Baraza halina mtu wa kulitetea kwa sababu hakuna anayelihesabu kuwa jengo.

Picha ya 11, ya mwisho, ni babu na bibi wamesimama mbele ya lile geti, mwaka 2001, wametoka benki. Babu ameweka kiganja kwenye nguzo.

---

Kijana wa Ipogolo

Mkuu, kesho nitapita pale makusudi nitafute hizo nguzo. Na mimi kwetu kuna picha za baba alipokuwa utingo wa malori, ziko kwenye albamu ya nailoni, zimegandana. Nizitoeje?

---

Mjukuu wa Fundi

Usizivute! Hiyo plastiki ikishaganda inaondoka na uso wa picha. Piga au skani zikiwa humohumo kwanza, albamu nzima, ukurasa kwa ukurasa. Zisizogandana ziskani kwa 600 dpi, pande zote mbili, kwa sababu nyuma ndiko kuna mhuri wa studio na mwandiko. Usipeleke picha ya zamani ikawekwe laminesheni, moto ule unaimaliza. Ukitaka kuandika, andika nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino huvuja ikatokea mbele. Na usiandike "baba na rafiki". Kaa naye leo akutajie huyo rafiki ni nani, utingo wa gari gani, wamesimama wapi.

Kwa za Wajerumani, mkusanyo mkubwa wa Walther Dobbertin, aliyepiga picha nchini kwetu kati ya 1906 na 1918, uko Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, na Desemba 2008 hifadhi hiyo iliachia zaidi ya picha 80,000 za aina mbalimbali ziwekwe bure Wikimedia Commons. Zake zinajulikana kwa herufi DOA. Maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt nayo ina hazina kubwa ya picha za makoloni. Na kama kuna mtu ana jamaa Poland au Uingereza, aulize pia. Wakimbizi Wapolandi waliwekwa kambini Ifunda wakati wa Vita Kuu ya Pili, na walipita mjini. Lazima wamo waliopiga picha.

---

Binti wa Dukani

Kaka, nimeweka zile nne. Tazama ya tatu. Fundi amegeuka kidogo, robo ya uso. Mkono wa shati umekunjwa mara mbili.

---

Mzee wa Miyomboni

Nimeiona. Mjukuu wa Fundi, iko wapi picha yako ya 4? Linganisha sikio.

---

Mjukuu wa Fundi

Wakuu, nimerudi kutoka Kihesa. Nianze na ya dada. Sikio ni lilelile, lile lililokunjika juu, na mimi ninalo. Ni yeye. Dada, nimekutumia ujumbe faragha, mama anataka kuongea na wewe kwa simu.

Sasa la mama. Nilimkuta anachambua maharage uani. Nilimpa picha ya tatu bila kumweleza kitu. Akasema, "Huyu ni kaka," kama siku zote. Nikamwonyesha vibendera, nikamweleza kuhusu mistari, nikamweleza kuhusu mvua na Jamhuri. Alinyamaza. Akaingia ndani, akakaa karibu na dirisha, akaisogeza picha kwenye mwanga. Akaweka kidole kwenye lile gauni, pale kwenye mfuko.

Akasema bibi alikuwa akimwambia, alipokuwa mkorofi, "Wewe nilikuvalisha mfuko wa polisi na bado hutulii." Hakuwahi kuelewa maana yake. Alidhani ni msemo tu. Babu alishona sare kwa kaki, na kilichobaki ndicho kilichovalishwa watoto, mfuko na kifuniko chake kama ulivyo.

Halafu akasogeza kidole mpaka kwenye nguzo, kwa yule kijana aliyeegemea. Akakaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa kwake mwenyewe. "Kumbe ulikuwepo," akasema.

Nilikuwa nimebeba penseli. Aliniomba. Chini ya mwandiko wa zamani akaandika jina lake, akaandika jina la mjomba, akaandika barazani, Barabara ya Uhuru, Desemba 1962. Upande huo wa nyuma nimeuskani upya, nimeuficha majina, ndio huo hapo chini.